Bibi Amekataa Kufa

Nélida alikuwa na ng'ombe watatu. Akauza wawili,
akanunua kamera iliyokwisha kupita mikono minne,
kioo chake kina mkwaruzo upande wa kushoto,
ndiyo maana katika filamu yetu
kila anayesimama kushoto ana unywele mmoja wa nuru shingoni.

Baba yake hakusema kitu siku tatu.
Siku ya nne aliuliza: "Na hicho nacho kinakamuliwa?"

Mimi binamu yake, fundi wa baiskeli,
nilipewa cheo: mkuu wa sauti.
Idara yangu yote ilikuwa mpini wa ufagio,
kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa tairi,
na soksi ya sufi ya alpaka tuliyokivisha.
Malipo: supu ya viazi mara mbili kwa siku
na jina langu mwishoni, kwa herufi kubwa.

Juliaca haina kimya. Nani alijua?
Miaka ishirini na sita nimeishi humo
nikidhani upepo ni hali ya hewa tu.
Nilipovaa spika za masikioni ndipo nikausikia:
upepo una meno, upepo una wajomba,
unaingia katikati ya "nakupenda"
unatoka na "penda" mdomoni.

Tulipiga picha Jumapili, siku nyingine watu wana kazi.
Mpenzi alikuwa Froilán, mwalimu wa hesabu,
aliyeitazama kamera kana kwamba anaidai.
Aliyeigiza kaka mtu akapata kibarua mgodini,
akaondoka filamu ikiwa nusu;
tukamuua kwa barua.

Kisha ikaja zamu ya Bibi Saturnina.
Kwenye karatasi za Nélida, ukurasa wa arobaini:
*Bibi anakufa. Alfajiri. Ukimya.*
Blanketi tayari, mshumaa tayari,
dirishani mwanga wa rangi ile ile
tuliyoiamkia asubuhi tano bila kuipata.
Bibi akaketi kitandani.

"Sifi mimi."

"Ni mchezo tu, Bibi."

"Kifo hakijui mchezo. Kikinikuta nimelala hivi,
mikono kifuani, macho nimefumba,
kitasema: kumbe yuko tayari, mbona sikuambiwa?"

Nélida akambembeleza. Akaahidi kofia mpya.
Bibi akasema ile ya zamani inamtosha mpaka atakapokufa,
na kufa, amekwisha kutuambia, si leo.
Betri: asilimia tisa.
Nikamwona Nélida akizitazama karatasi zake,
miezi saba ya usiku, wino juu ya wino.

Bibi akatupa blanketi, akavaa kofia,
akatoka kwenda kuwalisha kondoo,
maana kondoo hawakuambiwa kwamba kuna filamu.

Na Nélida, hili sitalisahau,
hakusema "kata". Hakusema kitu.
Akamfuata: mlango, ua, jalidi inayovunjika chini ya viatu,
mimi nyuma na ufagio wangu,
mpaka betri ikafa badala ya Bibi.

Tulionyesha mwezi Agosti, ukumbi wa shule,
tiketi kwa bei ya mkate,
shuka mbili zimeshonwa kuwa moja,
mshono ukipita katikati ya kila uso.
Watu kumi na tisa, na mbwa.
Froilán alipolia, walicheka.
Tulipotaka wacheke, mtu alikohoa.
Sauti yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa upepo mtupu.

Lakini Bibi alipovaa ile kofia na kushika mlango,
mama mmoja muuza jibini, mstari wa pili,
alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu:
"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Tukahesabu sarafu. Hazikufika bei ya mkia wa ng'ombe.
Nélida alikunja shuka kama anayekunja mtoto aliyelala.

Baba yake alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango.
Hakuwa amelipa.
Tulitembea naye kimya hadi kwenye reli,
upepo ukizichapa suruali zetu,
ndipo akauliza, bila kumtazama binti yake,
yule ng'ombe aliyebaki
angeweza kufika bei gani.