Mizani

Magu, watoto tisini darasani, mwalimu akiuliza,
"Mizani ni nini?"
nasi kwa sauti moja:
"Ni idadi ya silabi katika mshororo!"
Hakuna aliyeuliza kwa nini kumi na sita,
nani alizihesabu kwanza, kwa kidole kipi.

Sasa nafundisha juu ya kilima, Kapripointi,
na mtaala umeletwa ndani ya jalada la bluu:
Usitoe jibu. Toa swali, kisha nyamaza.
Kunyamaza ni kazi. Muhula wa kwanza
niliuma ulimi hadi nikaonja chumvi.

Nikaandika ubaoni neno moja, mizani,
nikaketi. Feni ikazunguka.
Hasnain, ambaye baba yake anauza vipuri vya injini za boti,
akasema, "Mwalimu, hiyo ni ya kupimia."
Kalamu nyekundu ikaniwasha mkononi.
Elske akauliza kama ni neno lile lile.
Na Nkwimba, anayesoma kwa ufadhili,
ambaye miaka miwili hajatuambia mama yake anauza nini,
akasema huku akitazama dirishani:
"Ile ya Mwaloni inaanzia wapi?"

Basi tukashuka, Ijumaa, alfajiri,
mawe ya maabara ndani ya begi la michezo,
kilo tano, kilo tano, kilo kumi,
tukaingia katika harufu ile ya dagaa
inayokaa kwenye nywele hadi Jumapili.
Bi Kwandu aliziona sare
akafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena.
Kwa nini unaanika kichanjani, si mchangani? Akajibu.
Kwa nini unawageuza kabla jua halijakolea? Akajibu.
Kwa nini mizani ni ya anayenunua?
Akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.
"Mizani ni ya mwenye hela, mwanangu."

Wakaning'iniza kilo ishirini.
Mshale ukasimama kumi na saba na nusu.
"Springi imechoka," akasema dalali, "joto hili!"
Hasnain, mtoto wa vipuri, kwa adabu zote:
"Springi ikichoka hulegea, mzee.
Ingezidisha. Hii inapunguza."

Mkuu wa shule alifurahi. Akataka mabango, rangi,
siku ya wazazi.
Dalali naye hakununua kwa Bi Kwandu wiki nzima.
Nkwimba akanifuata ofisini:
"Mwalimu, swali likimlaza mama na njaa,
linapewa alama ngapi?"
Nikafungua jalada la bluu. Nikalifunga.
Nikanyamaza, na safari hii
haikuwa mbinu ya kufundishia.

Kazi yake aliileta Jumatatu, beti moja tu:

*Kilo ishirini zangu, zapanda zikipungua,*
*Ni jasho la mama yangu, dagaa akigeua,*
*Nauliza peke yangu, nani aliyechukua,*
*Kilo mbili na nusu, na mizani yajua.*

Nikahesabu kwa kidole, kama nilivyofunzwa Magu.
Kumi na sita. Kumi na sita. Kumi na sita.
Kumi na nne.
Nilikwisha kuandika pembeni "mizani imepung—"
kalamu ikasimama.

"Nusu ya silabi haipo," aliniambia baadaye
akivaa begi lake.
"Ingekuwepo, ningeipunguza nayo."

Alhamisi mlinzi wa geti akapiga simu.
Kuna kina mama sita hapa, alisema, wana ndoo,
hawana miadi,
wanauliza yale mawe ya shule yanaazimwa vipi.

Mkuu alikuwa kikaoni.
Jalada lilikuwa mezani, bluu, limenyooka.
Nikaenda kutafuta funguo za maabara.