Cha Treni

Mhariri wangu yuko Dar, mimi niko Isevya,
kati yetu kuna simu na salio la shilingi mia nne.
Nikimtumia habari hasemi ahsante, anauliza:
"Kichwa?"
kama mchinjaji aliyeletewa mbuzi pungufu.

Usiku ule mvua ilikula tuta karibu na Usoke.
Alfajiri nilifika kwa pikipiki, tope hadi magotini,
nikakikuta kimelala ubavu kwenye nyasi,
taa moja bado inawaka,
mafuta yakichuruzika kwenye karanga za mtu.
Mabehewa yalibaki juu ya reli, yamepanga foleni,
kama ukoo uliofiwa na msemaji wake.
Nikaandika: Kichwa cha treni chaacha reli Usoke,
wawili wajeruhiwa, hakuna aliyekufa.
Nikatuma. Nikanunua muhogo wa kuchoma.

Gazeti lilishushwa Kanyenye kesho yake jioni:

KICHWA CHAKUTWA PORINI

Wino mwekundu. "Cha treni" hakipo,
mahali pake pamekaa tangazo la magodoro.
Nakala ziliisha kabla ya magharibi,
na muuza magazeti, kwa mara ya kwanza, aliniita bosi.

Sasa, dereva msaidizi wa kichwa kile ni Mihayo Kapela.
Namjua. Jumapili huchezea timu ya karakana,
na mwaka juzi, dakika ya themanini na nane,
aliruka kama mtu aliyesahau kushuka.
Niliandika, na mhariri hakugusa hata nukta:

KICHWA CHA MIHAYO CHAUA

Mama yake, Bi Kalunde, alikikata kwa mkasi wa kushonea,
akakibandika kwa uji mzito kwenye mlango wa kabati.
Kila mgeni alisomewa, hata aliyekuja kudai.

Huyo ndiye aliyesimama sokoni jioni ile
mbele ya ukurasa ulioning'inizwa kwa kibanio cha nguo.
Siku mbili simu ya mwanawe haipatikani.
Hakununua gazeti. Alikalia debe la asali la mtu,
hakulia, aliuliza tu, hakumuuliza yeyote:
"Na kilichobaki kiko wapi?"

Nilikuwa hatua tano kutoka pale, nina soda mkononi.

Neno hili nimelitumia miaka tisa.
Kichwa cha familia, alipotoroka na fedha za tumbaku.
Kichwa cha mwendawazimu, tulipofungwa matano nyumbani.
Kodi ya kichwa, babu mmoja wa Sikonge alipoikumbuka
na kutema mate pembeni ya kiatu changu.
Sikuwahi kupima uzito wake,
kilo tano hivi, juu ya shingo ya mtu,
kinachoota, kinachowasha, kinachohitaji kunyolewa.

Tulikwenda Kitete kwa miguu, nusu tukikimbia.
Wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja:
nyuzi saba juu ya sikio la kushoto,
simu ilizama kwenye tope, mwenyewe anacheka,
"Mama, kichwa kimeangukia kichwa."
Yeye hakucheka. Alikipapasa polepole,
huku na huku, kama anayechambua mchele
akijua lipo jiwe.

Mhariri akapiga.
"Umetuuzia! Kichwa kingine kipo?"
"Kipo," nikamwambia. "Kinakunywa uji."
Akanyamaza kidogo, akakata. Malipo ya habari ile
yalikuja pungufu: nililipwa kwa maneno yaliyotoka.

Wiki iliyofuata nilipita kwao kuwajulia hali.
Kwenye kabati kuna karatasi mbili sasa, bega kwa bega,
ya pili bado ina harufu ya dagaa.
Aliniomba kalamu.
Akainama, miwani kwenye ncha ya pua,
na katikati ya KICHWA na CHAKUTWA akachomeka,
kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne,
r ikitazama upande usio wake:
cha treni.

Alisogea nyuma, akasoma yote kwa sauti.
Kalamu hakunirudishia.