Mnong'onezi

Miaka thelathini na mmoja Tsiala alikaa shimoni,
chini ya jukwaa la Kutaisi, kurunzi mapajani,
akinong'ona.
Waigizaji wakisahau, yeye ndiye aliyependa kwa niaba yao,
yeye ndiye aliyekufa, kila Alhamisi na Jumamosi,
kisha akavaa koti, akapitia mkate, akaenda kulala.

Leo Nutsa, mjukuu wake, amemkatia tiketi.
Tamthilia ileile, bibi, ila filamu. Ila ya siku hizi.
Viti laini mno. Bisi zanukia siagi.

Binti wa mwenye kinu sasa anauza simu Tbilisi.
Mpima ardhi amekuwa mhandisi wa mabwawa,
ndevu kama za tangazo la manukato.
Na ile barua iliyochelewa wiki tatu,
iliyobebwa na padri mlevi juu ya nyumbu,
ni ujumbe wa simu: alama moja ya vema,
ya pili haiji.

Hapo, Tsiala anakiri, wamenipata.
Padri tulimcheka miaka yote.
Alama hiyo hakuna aliyeicheka.

Kisha mto.
Mto wetu ulikuwa shuka mbili
na chumvi ya mawe aliyomwaga Vazha, fundi wa mapambo,
na watu walitetemeka hadi safu ya nyuma.
Huu ni mto hasa. Kamera inaelea juu yake
kama mwewe aliyeshiba,
barafu inalialia chini ya viatu vya msichana,
naye hasemi kitu.
Hasemi kitu!

Gizani midomo ya Tsiala inaanza yenyewe:

*Mto umeganda, naja, nami kwako nitavuka,*
*Kifo kikija pamoja, jina lako natamka,*
*Nyuma hapana faraja, wala siwezi geuka,*
*Moyo hauna daraja, huzama au hufika.*

"Shh!" mtu wa mbele anageuka.
Nutsa anataka kumjibu. Bibi anamshika goti.

Kwenye skrini msichana amefungua mdomo.
Mvuke tu.
Anatazama chini, miguuni, na uso huo
Tsiala anaujua: ndio wa aliyepotelewa na neno,
anayelitafuta shimoni.
Akamrudia ubeti, polepole zaidi.

Barafu ikapasuka.
Simu ikabaki juu, peke yake, ikawaka:
alama ya pili.

Nje theluji inaanguka. Nutsa anauliza ipi bora.
Tsiala anatafuta glavu mfuko huu, mfuko ule.
"Yule mtoto," anasema,
"wamemwacha vipi pale bila mtu chini?"