Wa Pua Anaitwaje?

Chumba cha kumi na saba, kliniki ya pua na koo,
dirisha linaangalia Barabara ya Mbagathi.
Kazi yangu ni faili. Jina, mtaa, simu ya jamaa,
kisha nangoja daktari atamke lile neno lake refu
nami nilishushe ngazi kwa ngazi
mpaka limfikie mwenye pua.

Rinaitisi: mafua yaliyokataa kuaga.
Sinusaitisi: usaha umepiga kambi nyuma ya paji.
Septamu iliyopinda: ukuta wa kati umemwegemea jirani
kama ghorofa za Pipeline. Puliza huku. Sasa huku.
Polipu sijawahi kuliweza. Nasema kinyama,
kama zabibu, kimeota bila kibali.
Watu hucheka. Kucheka kunasaidia.

Epistaksisi ni mtoto wa Kayole,
shati la shule jekundu kifuani,
mama amemlaza kichwa nyuma. Mbele, mama, mbele!
Mbane hapa penye nyama, chini ya mwanzi wa pua,
hesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani.
Nyanya yangu akiita muhina.
Nimeliandika pembeni kwa penseli,
limesimama pale kama mgeni asiyepewa kiti.

Jumanne akaingia Zablon Ayiecha,
mwonjaji kahawa, Eneo la Viwanda, miaka thelathini na mmoja.
Juni alishikwa na homa ya siku nne.
Homa ilipoondoka ilibeba mizigo yake
na ya mwenyeji.

Tangu hapo anadanganya kazini.
Anafyonza kijiko kwa kelele, anatema, anaandika:
ndimu kidogo, sukari guru, ua la mchungwa.
Anaandika kwa kumbukumbu tu.
Hakuna aliyegundua, na hilo ndilo linalomuuma.
Juzi gesi ilivuja jikoni, naye ameketi palepale na gazeti;
binti yake ndiye aliyekuja mbio kutoka nje.

Daktari akasema: Anosmia.
Nikamwambia: hisia yako ya kunusa imepotea.
"Hayo ni maelezo," akanijibu. "Mimi nataka jina.
Asiyeona mnamwita kipofu. Wa pua anaitwaje?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Daktari akamfumba macho kwa kitambaa,
akamletea vichupa. Karafuu: hakuna.
Mafuta ya taa: hakuna.
Cha tatu akakishika mwenyewe, akakitikisa sikioni.
"Kahawa. Punje kubwa, zimekauka vizuri. Kama si Nyeri, ni Kirinyaga."
Daktari akasita, kalamu hewani,
hajui aweke tiki au msalaba.

Nyuma ya fomu, wakati wa chai, nilichora haya:

Jicho likiwa na giza, kipofu twamwita jina,
Sikio likinyamaza, kiziwi twaambiana,
Ulimi ukijikaza, bubu lugha imenena,
Pua ikijipoteza, lugha mbona umenuna?

Na lugha hii si maskini wa pua.
Ina kunuka, ina kunukia,
herufi mbili tu kati ya jaa la Dandora
na pilau ya jirani siku ya Idi.
Kwake Zablon herufi hizo zimefutika.

Jioni nikitembea kwenda stendi nayajaribu.
Kinusi? Hapana, huyo ni mbwa wa polisi.
Mpuuzi wa pua? Nitapigwa.
Mahindi yanachomwa kando ya lami,
moshi unanijia wote, mtamu, na chumvi na pilipili,
naona haya kidogo kuuvuta.

Kwenye faili yake mstari mmoja bado uko wazi.
Alipokuwa akitoka aliniambia, "Ukilipata, nipigie."
Nambari yake ninayo.