Jumatano ya Kwanza ya Mwezi

Chumba cha chini cha maktaba, Tampere, Novemba.
Nje inaanguka theluji isiyojiamini, nusu yake mvua.
Mlangoni Irmeli anagawa vibandiko:
juu andika jina la mtandaoni,
chini lile ulilopewa na mama.
Naandika SINDANO BUTU. Kalamu inasita.
Halafu, kwa herufi ndogo: Tuulikki.

Tuko kumi na tisa.
Nawajua hawa kuliko majirani wa ngazi yangu:
nani hapati usingizi mpaka saa tisa, nani kaachwa,
paka wa nani ana kisukari,
nani hupiga picha supu ingali moto
akaishia kuinywa baridi.
Usiku hatunyamazi, maneno yanatutoka kama siafu.
Na sasa tumekaa duara, kama wanaosubiri kung'olewa meno,
tunayakodolea macho maandazi ya iliki
kana kwamba ndiyo yaliyotualika.

Dakika nne. Nimezihesabu ukutani.
Mtu anakohoa, anajutia kikohozi chake.
Ndipo simu zote zinatetemeka kwa pamoja,
mifukoni, mapajani, chini ya kofia ya sufi:
Ensio, yule pale dirishani, ameandika
*Jamani, naruhusiwa kuongeza kahawa, au ni mwiko?*

Kicheko kikatukuta hatujajiandaa.
Baada ya hapo viti vikaanza kusogea.

Mimi nilikuja na ugomvi wangu, nimeukunja vizuri kama leso.
Miaka miwili nabishana na BUNDI WA PISPALA
juu ya taa za kando ya maporomoko:
yeye anataka za njano zibaki, mimi nataka nyeupe.
Wanasema ulimi hauna mfupa.
Kidole kinayo mitatu, na bado hakizuiliki.
*Jifunze kwanza kuliandika neno taa,* nilimwambia
usiku mmoja alipokosea herufi nne katika mstari mmoja.
Mioyo thelathini na minane ikanidondokea.
Nikalala vizuri.

Yupo. Mrefu, sweta la kijani, kiwiko kimetiwa kiraka.
Kibandiko chake kina mwandiko wa Irmeli;
hilo nililiona, sikuliuliza.
Ahti.
Anachukua kikombe, na kahawa inaruka nje
kama iliyoitwa. Mkono wake wa kulia
una safari zake, haumwagi mwenyewe.

"Bundi," nikasema.
Akakisoma kifua changu, taratibu.
"Sindano. Mbona si butu hivyo."

Nikakishika kikombe upande wa pili.
Tukakiinua pamoja, watu wawili, kahawa moja,
na hakuna aliyetupiga picha, nashukuru.
"Kidole kinagonga herufi ya jirani," akasema,
"nikirudi kuifuta, nafuta na zilizokuwa sawa."
Kisha, akiangalia pembeni:
"Zile taa za njano ni mia moja na sita.
Nilizifunga mimi. Ngazi, kamba, baridi ya Februari."

Sikujua niweke wapi macho yangu.
Wale thelathini na wanane hawakuwepo.
Nilitaka kuomba radhi, nikasema
nyeupe zinakula umeme kidogo.
Akasema anajua. Akasema hilo si swali.
Tukala andazi.

Irmeli akapanga viti, Ensio akasahau skafu,
mtu akasema tuonane, akimaanisha tuandikiane.

Kwenye basi, kioo kimejaa ukungu, simu ikatetemeka:
*Asantw kwa kikombr. Nyeupw bado ni ujinga.*

Nikavua glavu.
Nikaandika: *Bado nabisha. Usiku mwrma.*
Nikaliona kosa.
Nikalituma hivyo hivyo.