Dirisha la Mstari Mmoja

Chumba chetu kilikuwa stoo ya mafagio.
Bado kinanuka dawa ya sakafu,
na bomba la joto hugonga ukutani kila robo saa
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri:
Orest Hrynchuk anavua glavu kwa meno.
Ana miaka tisa, anajua aina zote za magari ya kuzolea theluji,
lakini kitabu kikifunguliwa
anaomba kwenda chooni.

Simlaumu. Kiingereza ni nyumba yenye siri nyingi.
G na h, kwenye neno la kikohozi, hutoa sauti ya f;
kwenye neno la usiku zimekaa kimya,
zinakula nafasi tu.
"Kwa nini waliziandika?" aliniuliza.
Nikamwambia ukweli: sijui.
Siku hiyo ndipo alipoanza kuniamini.

Basi tunafanya tulivyofundishwa, na tusivyofundishwa.
Namwaga chumvi kwenye sinia;
anachora b kwa kidole, anaitamka,
anatikisa sinia, b inakufa, anaifufua.
B hutanguliza fimbo, d hutanguliza tumbo.
Tunagonga silabi mezani kwa vifundo vya vidole.
Nimemkatia kadi yenye dirisha la mstari mmoja
ili mistari mingine isimrukie.
Halafu lile gumu kuliko yote:
kukaa na mikono mapajani
mtoto anapoitafuta sauti
nawe unayo tayari mdomoni.

Bi Lavallee, msimamizi, hupita na fomu.
Maneno mangapi kwa dakika?
Kumi na mawili.
Na mwezi uliopita?
Kumi na moja.
Anaandika. Si mtu mbaya,
ila fomu yake haina kisanduku
cha mtoto aliyeacha kuomba kwenda chooni.

Siku moja, kwa kuchoka, nilimpa a, e, i, o, u za kwetu.
Nikamwapia kwamba hazibadiliki,
zikiwa mwanzo wa neno au mwisho, kwa tajiri au kwa maskini.
Hakusadiki. Wiki nzima alizichunguza
akiutafuta uongo wangu.

Jana nilichelewa, nikamkuta na barua.
Ilikuwa imedondoka kwenye koti langu.
Mwajabu, dada yangu, huandika herufi kubwa zilizoachana
kama anayepanda mahindi,
na Orest alikwisha kuiwekea kadi yake juu,
mstari mmoja dirishani,
anagonga:

*Ma-ma ha-o-ni te-na.*

Nilisimama mlangoni na theluji mabegani.

*A-na-ta-mbu-a wa-tu kwa sa-u-ti.*

Ile barua nilikuwa nimeisoma. Ndani ya basi, mara moja,
nikiruka ruka, kama tusomavyo sisi tusio na shida,
macho yakikimbilia salamu za mwisho
na kiasi cha pesa.

Akateremsha kadi. Akavuta pumzi.

*Ya-ko*
*a-na-a-nza*
*ku-i-sa-ha-u.*

Hakukosea silabi hata moja.
Sauti yake haikujua imebeba nini;
ilizishika zote sawasawa, kwa uangalifu,
kama mtu anayehamisha mayai,
na mimi niliyekuwa na maana yote
sikuwa na sauti.

"Nimesoma!" akasema. Uso umemwaka.
"Nimesoma nini?"

Nikavuta kiti. Nikavua kofia, nikaivaa, nikaivua tena.
Lilikuwepo neno, nililihisi nyuma ya meno,
sikujua laanzia na fimbo au laanzia na tumbo.

Bomba likagonga ukutani.

Orest akanitazama,
akaisogeza kadi pembeni taratibu,
akaweka mikono yake mapajani.
Hakuniharakisha.