Kilichobadilika Tu

Haparanda, Januari, saa tisa usiku.
Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani kiwambo cha kijani, safu themanini, mistari ishirini na minne,
na Sixten, mwongoza treni, kashika kahawa iliyopoa:
"Programu yako inapepesa
kama jicho lililoingia mchanga."

Hakukosea.
Nilikuwa na madirisha manne:
la mabehewa, la njia, la hali ya hewa,
na moja jembamba la saa.
Kila dakika ilipogeuka niliyafuta yote,
nikayachora yote,
kila moja likiukimbilia waya peke yake
kama wapishi wanne kwenye mlango mmoja.
Na waya wenyewe ni wa simu, unatoka Boden,
unapitisha herufi mia na ishirini kwa sekunde,
haziongezeki hata ukizibembeleza.
Kiwambo kizima: sekunde kumi na sita.
Treni ya magogo haisubiri sekunde kumi na sita.

Usiku ule nikaiandika upya.
Dirisha lisiende kwenye kioo, nikaamuru.
Lijiandike kwanza gizani,
kwenye kiwambo cha kivuli ndani ya kumbukumbu,
ambako hakuna anayeona,
ambako kosa likifutwa ni kama halikuzaliwa.
La mabehewa, jiandike. La njia, nawe.
La juu lifunike la chini, bila ugomvi.
Kisha kiweke kivuli kando ya kile ambacho kioo kinakumbuka,
linganisha herufi kwa herufi,
peleka tofauti.
Mara moja.

Saa ikatoka 03:14 ikaingia 03:15.
Waya ukabeba nini?
Kishale kiruke pale, na tarakimu moja:
nne ikawa tano.
Sixten hakusema kitu. Aliinua kikombe.
Kwa mtu wa kaskazini, hiyo ni hotuba.

Baba yangu hupiga simu kila Jumapili kutoka Jokkmokk.
Naye hupeleka tofauti tu.
"Theluji imefika dirishani."
"Jirani kanunua trekta."
"Mbwa kafa Alhamisi."
Yaliyobaki nayajaza mwenyewe
kwa kumbukumbu ya Jumapili iliyopita:
jiko, kiti, saa ya ukutani,
mama na sindano zake za kufumia.
Nikamsifu moyoni: mzee hapotezi hata herufi.

Februari mti uliulalia waya huko Kalix.
Takataka zikamwagika kwenye kioo, mabano, nyota, alama za mshangao,
zikaifuta njia ya tatu.
Programu haikuzigusa. Kwa hesabu yake
kivuli na kioo vilikuwa pacha,
hapakuwa na tofauti ya kupeleka.
Sixten akasoma: njia ya tatu, tupu.
Bahati alichungulia dirisha la kweli, lile lenye barafu.
Mabehewa kumi na moja yalikuwa yamesimama palepale.

Nikaongeza kitufe kimoja.
Maana yake: usiamini unachokikumbuka.
Futa. Chora yote,
sekunde zote kumi na sita.

Jumapili simu ikalia.
"Theluji imepungua," akasema baba. Akanyamaza.
Nikasema, baba, anza mwanzo.
Niambie kila kitu, hata ninachokijua.
Waya ukavuma, ukavuma.
"Jiko linawaka," akasema.
"Kiti changu kiko palepale.
Saa ya ukutani ilisimama, sijui lini.
Mama yako..."
Nikasikia kikombe kikigusa meza.
"Mama yako hafumi tena. Husahau uzi unapita wapi.
Halikuja siku moja, Ragnhild,
ndiyo maana hakuna Jumapili niliyokutajia."

Sikumkatiza.
Nilimwacha aendelee, mstari kwa mstari,
kutoka pembe ya juu kushoto
hadi chini.